Pishi Mbili

Nyumbani kwetu Mlingotini hatukuamkiana shikamoo.
Mwalimu Mhando alinichapa kwa hilo, darasa la pili,
fimbo tatu za mpera, akidhani ni kiburi.
Nikampa sabalkheri. Akaniongeza ya nne.

Kiburi kilikuwapo, ila si changu.
Kilikuwa cha Tufaha, aliyemzaa babu yangu,
aliyewekwa rehani mwaka wa nzige
kwa pishi mbili za mtama.
Mjomba wake alisema, "Mavuno yakija, narudi."
Mavuno yakaja. Yakaja mara kumi na moja.
Tufaha akaacha kutazama njia ya Msata.

Aliyempokea ni Mwinyi Mgeni,
mtu wa ukoo, wa kilemba na minazi mia sita.
Kwake, waliovaa mitaawanda walisikika kabla ya kuonekana:
ko, ko, ko, juu ya sakafu ya chokaa.
Waliokwenda pekupeku hawakusikika,
na ndivyo walivyotakiwa wawe.
Kila alfajiri Tufaha alipiga goti uani:
"Nashika miguu, bwana."
Miguu yenyewe haikumtazama.

Mke wa Mwinyi Mgeni akajifungua, titi likakauka.
Tufaha alikuwa na Farijala wa miezi mitatu.
Wakamletea Mwana Esha amnyonyeshe:
titi la kulia la muungwana, la kushoto la mzalia.
Hata hilo walimpangia.

Basi wakakua ndugu wa kunyonya.
Sheria ilimruhusu Farijala kuingia chumbani
walikokatazwa wanaume wote,
kumwona Esha uso wazi, nywele zikisukwa.
Mila ilimkataza kuingia na viatu.
Akaingia hivyohivyo, ndugu pekupeku,
amembebea dada yake maji ya kuoga.

Kisha Mdachi akaleta karatasi zenye tai.
Farijala akaikunja yake, akaishonea ndani ya hirizi,
akashika njia ya bara na mizigo ya watu,
akarudi na kikohozi na bei ya minazi minane.
Tufaha hakuigusa ya kwake.
"Huyu siye aliyenipokea," alisema. "Atanirudishaje?"

Minazi ya Mwinyi Mgeni ilikwenda shina kwa shina:
sitini kwa harusi,
mia kwa ngoma ya kumshinda jirani,
mingine kwa kesi, iliyobaki kwa riba.
Mwana Esha akazeekea katika chumba kimoja
chenye mlango wa nakshi na paa la kuvuja.

Ikaja njaa nyingine. Farijala tumekwisha kumzika.
Asubuhi moja, nje ya kibanda chetu: ko, ko,
ko. Polepole, kama mtu anayehesabu.
Tufaha alikuwa kizingitini anachambua kunde.
Sasa nani amwamkie nani?
Kwa umri, Esha aanze. Kwa mila ya jana, Tufaha.
Kuku akapita baina yao.
Mwana Esha akavua mitaawanda, mmoja, halafu wa pili,
akasema, "Hodi, mama."

Tufaha akanyanyuka kwa mikono na magoti.
Akaleta ile pishi ya mti, akapima mtama,
akausawazisha kwa kiganja, usizidi hata punje.
Moja.
Mbili.
"Mwambie baba yako huko kaburini,
Tufaha amejikomboa."
Hakulia mtu.
Esha aliuliza tu kama tuna kikapu cha kumwazima.

Aliondoka pekupeku. Kama alisahau au aliacha,
ukoo wetu bado unabishana.
Mtaawanda mmoja uliliwa na mchwa.
Wa pili ninao; nazuilia mlango siku za upepo.

Juzi mjukuu wangu, ametoka shule na soksi zake nyeupe,
akaniinamia: "Shikamoo, bibi."
Nikaitazama kwanza miguu yangu.